Siku moja maishani mwangu kama mwanasheria wa haki miliki

Watu wakisikia wewe ni mwanasheria wanawaza joho, mahakama na kubishana mbele ya jaji, sasa mimi naweza kumaliza wiki nzima sijakanyaga mahakamani na bado nikarudi nyumbani nimechoka hoi. Kazi yangu kubwa ni kusoma, kuandika na kuwaambia watu kipi ni chao na kipi ni cha wote. Hiyo sehemu ya pili ndo ngumu, maana hakuna anayelipia ushauri ili aambiwe kitu fulani si chake peke yake, na mimi naona hapo ndo kazi yenyewe ilipo.

Saa kumi na mbili asubuhi

Kabla ya imeili naangalia kalenda ya tarehe za mwisho. Fani hii inaendeshwa na tarehe jamani. Ukishapeleka ombi la hataza, yaani ile haki anayopewa mvumbuzi juu ya alichobuni, nchi moja, una miezi 12 ya kupeleka nchi nyingine na ukahesabiwa tarehe ileile ya kwanza, kwa alama za biashara ni miezi 6, na hayo yametoka kwenye Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, yaani mpaka leo tunaishi kwa ratiba ya watu walioandika kwa kalamu ya wino. Leo kuna alama moja ya kuhuisha, ni kila baada ya miaka 10, nikamwandikia mteja mapema kumkumbusha maana nishamjua, asipokumbushwa ataona ni barua ya matangazo tu.

Saa mbili

Mteja wa kwanza ana kiwanda kidogo cha sabuni na anataka kuandikisha jina moja tu: Safi. Kashachapisha na stika kabisa, kazipanga mezani kwangu, kijani na nyeupe, zinapendeza kweli. Nikamuuliza, sawa ndugu yangu, tukifaulu kulifunga hili neno, wenzio wanaotengeneza sabuni watawaambiaje wanunuzi kwamba sabuni yao inasafisha? Akakaa kimya, halafu akasema si watafute maneno yao. Hapana. Neno ambalo kila mfanyabiashara wa bidhaa hiyo analihitaji kuielezea bidhaa, msajili hampi mtu mmoja hivihivi, na mimi nakubaliana na hilo kwa moyo wote. Neno hilohilo angeliweka kwenye kitu kisichohusiana kabisa na usafi, mambo yangekuwa mengine, ndo maana bidhaa na huduma zimegawanywa kwenye madaraja 45 na sabuni ipo daraja la 3.

Nikamweleza pia kwamba hata jina zuri linaweza kumtoka mwenyewe. Aspirin ilikuwa alama ya kampuni ya dawa ya Bayer, lakini Marekani mwaka 1921 mahakama ikaamua kwamba kwa wanunuzi wa kawaida hilo limeshakuwa jina la dawa yenyewe, si jina la anayeitengeneza, basi likaachiwa watu. Tulikaa tukacheza na silabi za jina la bibi yake mpaka tukapata neno ambalo halina maana yoyote popote, sikuzote hayo ndo yenye nguvu. Stika atachapisha upya, lakini ile rangi na ule mchoro vinabaki.

Saa nne

Huyu sasa ndo aliyenikalia moyoni siku nzima. Fundi, kabuni valvu ya pampu ya maji, inajifunga yenyewe mchanga ukiingia. Kaja nayo kwenye mfuko, kaifungua vipande vipande mbele yangu kwenye gazeti, akanionesha kijipete cha mpira chenye mdomo uliokatwa kwa mshazari, mchanga ukisukuma, ule mdomo unalala na njia inaziba. Rahisi ajabu. Nikaishika nikaizungusha, nikamwambia hii ni akili kubwa, maana ndo ukweli.

Halafu nikauliza swali ambalo huwa naliogopa: umeshamwonesha nani? Akatoa simu kwa furaha kabisa, vidio ipo mtandaoni, miezi kadhaa sasa, watu wanamsifia, na anaonekana wazi akiifungua na kueleza kila kipande.

Sheria ya hataza inataka kitu kipya, na upya wenyewe unapimwa kwa kuangalia kama kilishajulikana popote duniani, hata kama aliyekitangaza ni mvumbuzi mwenyewe. Ulaya kwa kawaida hapo mlango umefungwa. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja tangu atangaze mwenyewe, na zipo nchi nyingine zenye nafuu ya aina hiyo, kwa hiyo kazi ikawa kuangalia tarehe ya vidio, kuangalia ni nchi zipi zinambakizia muda, na kukimbia. Bahati nzuri alikuwa na toleo la pili ambalo hajamwonesha mtu, lenye vipete viwili vinavyopokezana, na hilo bado ni jipya kila mahali. Nikamsihi asilitaje hata kwa shemeji yake mpaka ombi lipokelewe na lipate tarehe.

Naomba nilikazie hili maana linaniuma: mitandao imewazoesha mafundi na vijana kwamba ukibuni kitu, cha kwanza ni kuposti. Sifa zinakuja siku hiyohiyo, hataza inachukua miaka, naelewa kabisa kwa nini mtu anachagua sifa. Lakini hataza ni mkataba kati yako na jamii, wewe unaandika kila kitu wazi mpaka fundi mwingine aweze kukitengeneza, na jamii inakuachia peke yako miaka 20 tangu siku ya ombi, baadaye ni cha wote. Ukitangaza kwanza, umeshatoa upande wako wa mkataba na hujapokea chochote.

Saa sita

Kikao kwa vidio na vijana watatu wenye programu ya kusimamia maghala. Kuna mwekezaji anataka kuingia na mwanasheria wake kauliza: kodi yote, yaani yale maandishi yanayoiendesha programu, ni yenu? Wakajibu ndiyo haraka sana. Nikawaambia nifungulieni folda tuangalie pamoja, na mle ndani kuna maktaba nzima, yaani kifurushi cha kodi iliyoandikwa na wengine, waliyoichukua mtandaoni, ina faili lake la leseni limetulia palepale, GPL, leseni maarufu ya programu huria, toleo la 2, la mwaka 1991. Hawajawahi kulifungua.

Programu huria ina mwenyewe, na mwenyewe kakuruhusu kwa masharti. Sharti la GPL ni kwamba ukiisambaza programu uliyoijenga juu yake, na wewe uwape wanaoipokea kodi yako kwa leseni ileile. Kama inakaa kwenye seva yao na wateja wanaitumia kupitia intaneti tu, sharti hilo haliwagusi, ila hawa wameshaiuza kama programu ya kufunga kwenye kompyuta za wateja, kwa hiyo linawagusa. Wakaanza kulaumiana, nikawazuia. Tukapanga: ama waitoe ile maktaba waandike ya kwao, ama watafute nyingine yenye leseni nyepesi, na kwa nakala zilizokwisha kutoka tutimize sharti. Mimi nawapenda sana watu wa programu huria, walichukua sheria ya hakimiliki, ile haki ya mtunzi juu ya kazi yake, sheria ileile inayotumika kufunga, wakaitumia kulazimisha mlango ubaki wazi. Huo ni ubunifu wa kisheria wa hali ya juu.

Saa nane mchana

Chakula haraka, halafu nikafunga mlango kuandika maoni kuhusu mteja anayetaka hataza ya dawa ya mmea. Dawa yenyewe anasema kaigundua, lakini kwenye maelezo yake anataja wazee waliomfundisha. Hapo kalamu yangu ilisimama muda mrefu. Mwaka 1995 Marekani ilitoa hataza ya kutumia kiungo cha manjano kuponya vidonda, baraza la utafiti la India likapinga, likaleta na maandiko ya zamani kuthibitisha kwamba watu wanalijua hilo tangu zamani, na 1997 madai yakafutwa. Mei 2024 huko Geneva nchi zikakubaliana mkataba mpya wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, unaotaka mwombaji wa hataza aseme rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi aliyotegemea vimetoka wapi. Nikaandika wazi: alichofundishwa hawezi kukidai. Kama ana njia mpya ya kuitoa ile dawa ikatulia bila kuharibika, hiyo tuizungumze, na wale wazee watajwe na wakubaliwe mgao kwa maandishi. Sikuona sababu ya kulainisha maneno.

Saa kumi

Kampuni ya matangazo inauliza: picha iliyotengenezwa na akili bandia ni ya nani? Hili swali siku hizi haliishi. Jibu langu, kwa sasa, usiitegemee kama mali yako. Marekani mahakama ya rufaa ilisema Machi 2025 kwamba hakimiliki inahitaji mtunzi binadamu, na Uingereza Mahakama ya Juu Desemba 2023 ikakataa mashine kuandikwa mvumbuzi kwenye hataza. Maana yake mshindani anaweza kuichukua ile picha na huenda usiwe na la kumfanya. Wakataka niwape asilimia, mtu afanye kazi kiasi gani ndo ihesabike yake. Hakuna asilimia. Nikawaambia watunze michoro ya mwanzo, marekebisho, tarehe, jina la aliyefanya nini, na kwa nembo ya mteja wamtumie dizaina mwenye mkono na mkataba. Mkataba huo useme haki zinahamishwa, kwa maandishi, maana nchi nyingi kumlipa dizaina peke yake hakuhamishi hakimiliki. Nimeona ugomvi mwingi ambao aya moja ingeuzuia.

Saa mbili usiku

Nyumbani, mpwa wangu kanisubiri na simu mkononi. "Shangazi, wamenifungia vidio, wanasema nimeiba muziki." Kapiga kinanda mwenyewe, kipande cha Bach, na mfumo wa mtandao umelinganisha sauti ukaona inafanana na rekodi ya kampuni fulani. Bach alifariki 1750, tuni zake ni za kila mtu. Rekodi ya mpigaji wa leo ina haki zake, hilo kweli, ila huyu mtoto hakutumia rekodi ya mtu, katumia vidole vyake. Nilikasirika kuliko mchana wote, maana mashine haijui kutofautisha muziki wa wote na rekodi ya mtu, na mtoto wa miaka kumi na tano ndo anaambiwa mwizi.

Tukakaa tukaandika pingamizi pamoja. Nikamwachia aandike mwenyewe: nani alitunga, alifariki lini, nani amepiga, lini, na kwamba faili la asili analo na mikono yake inaonekana. Hakuna matusi, hakuna herufi kubwa za hasira. Akauliza wakikataa je? Nikamwambia ipo rufaa, na ikifika huko jina la kwanza kwenye barua litakuwa langu. Akabonyeza tuma.