Evans bila Evans

Kwa kweli albamu za kuenzi marehemu hunichosha. Mpiga piano anakusanya nyimbo za aliyetangulia, anazipiga kwa adabu kupita kiasi, nawe unaishia kuitamani rekodi ya mwanzo. Kopi ni kopi, hata ikipigwa na fundi.

Lakini wiki hii nimeganda kwenye albamu ya jazz, Further Explorations. Chick Corea kwenye piano, Eddie Gomez na Paul Motian waliirekodi mbele ya wasikilizaji katika klabu ya Blue Note, New York, Mei 2010, kwa kumuenzi mpiga piano Bill Evans aliyefariki 1980. Nimejiuliza kwa nini hii hainichoshi, na nadhani sababu haiko kwenye piano.

Motian alimpigia Evans drams mpaka 1964. Gomez akawa mpiga besi wake kuanzia 1966 hadi 1977. Mmoja aliondoka kabla mwingine hajafika, kwa hiyo kila mmoja ana Evans wake. Corea amekaa katikati yao kama mkwe kwenye hitima: ana haki zote za kuwepo, ila habari za ndani za marehemu wanazo wenyewe.

Ninaourudia zaidi ni "Gloria's Step". Aliutunga Scott LaFaro, mpiga besi wa Evans, na watatu hao, yeye, Evans na Motian, waliupiga klabu ya Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961. Tarehe 6 Julai LaFaro akafa kwa ajali ya gari, ana miaka 25 tu. Sasa msikilize Motian akiupiga tena akiwa na miaka 79. Hahesabu mapigo kwa ajili ya mtu yeyote. Anagonga pale anapopenda, penginepo anapaacha wazi. Corea, ambaye vidole vyake havijui kutulia (na mara nyingine hunikera), inambidi asubiri.

Wamempitia na Thelonious Monk, mpiga piano mwingine, kwa wimbo wake "Little Rootie Tootie". Sawa, ila mimi hapo huruka.

Motian alifariki Novemba 2011. Mwaka 1990 alikuwa ameshamfanyia Evans albamu nzima isiyo na piano hata kidogo: saksafoni ya Joe Lovano, gitaa la Bill Frisell, na besi ya Marc Johnson, yule aliyekuwa na Evans mpaka mwisho. Huyo Evans nilimsikia humo waziwazi kuliko kwa wapiga piano wengi wanaomwiga.