Mfalme, mwizi na bakuli la mtawa

Ghorofa ya chini ya jengo ninalopanga hapa Bangkok, mjukuu wa mama mwenye nyumba hukariri masomo yake jioni kwa sauti. Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya wajibu kumi wa mfalme katika mafundisho ya Kibudha: than, sin, borichak, achawa... Anaimba kama sisi tulivyokuwa tukiimba tebo.

Waliosoma shule hapa wanaijua orodha hiyo: kutoa, maadili mema, kujinyima kwa ajili ya wengine, unyofu, upole, kujidhibiti, kutoshikwa na hasira, kutodhuru viumbe, subira na kutokiuka haki. Mfalme Bhumibol alipotawazwa tarehe 5 Mei 1950 aliahidi kutawala kwa haki kwa manufaa ya watu wake, na mwanawe akasema maneno ya namna hiyo mwaka 2019.

Ukiisoma hivihivi ni orodha ya kubandika ukutani. Utamu uko kwenye hadithi zake. Maandiko ya Kipali, lugha ya kale ya vitabu vya Kibudha, yanamtaja mfalme aliyelinda nchi vizuri ila hakuwapa kitu wasio nacho. Umaskini ukaenea, mtu akaiba, akaletwa barazani. Umeiba kweli? Kweli, mtukufu, sina cha kuniweka hai. Mfalme akampa mtaji akalishe wazazi, mke na watoto. Habari zikasambaa: kumbe ukiiba unapewa! Wezi wakazidi. Mfalme akaona sasa yatosha. Aliyefuata akanyolewa upara, akafungwa kamba, akazungushwa mitaani kwa ngoma, akatolewa lango la kusini na kukatwa kichwa. Watu kuona vile, nao wakanoa mapanga. Tangu hapo wakawa wanaiba na kuua. Umri wa binadamu, uliokuwa miaka 80,000, ukaporomoka kizazi hadi kizazi mpaka 10.

Hadithi hii haianzi na mwizi, inaanza na mwenye ghala. Hata ukarimu wake, kwa kuwa ulichelewa, uligeuka sumu. Kwingineko katika maandiko hayo kuhani anamshauri mfalme mwenye nchi iliyojaa wanyang'anyi: wakulima na wafugaji wape mbegu na malisho, wafanyabiashara mtaji, watumishi wa serikali mishahara. Bajeti ya wizara tatu kwenye sentensi moja, na hakuna popote anapotaja polisi.

Shida yangu ni moja: mfalme akisahau, nani wa kumkumbusha? Hapa Thailand swali hilo haliulizwi hovyo. Kifungu cha 112 cha sheria ya jinai kinampa anayemkashifu mfalme miaka 3 hadi 15 jela, nami ni mgeni wa viza, kwa hiyo nanyamaza.

Watawa wa Myanmar walijaribu kuwakumbusha majenerali waliotawala nchi yao. Septemba 2007 wanajeshi waliwapiga watawa mjini Pakokku. Watawa wakadai kuombwa radhi, hawakuombwa. Basi wakapindua bakuli zao za kupokelea sadaka: sadaka ya majenerali na familia zao haipokelewi. Kwa Mbudha hilo ni zito, maana thawabu huchumwa kwa kutoa, na ukikosa wa kumpa umekwama. Kabla mwezi haujaisha jeshi likazima maandamano kwa risasi na watawa wengi wakatiwa ndani. Hamu ya thawabu haikuwaisha majenerali, lakini. Mwaka 2009 walikamilisha pagoda (mnara wa ibada wa Kibudha) ya Uppatasanti huko Naypyidaw, mji mkuu, fupi kidogo tu kuliko pagoda maarufu ya Shwedagon ya Yangon.