Anwani ya ruta yako mwenyewe si kipimo cha handaki

Kabla hujapiga pingi (ujumbe mdogo wa kujaribu kama anwani ya mtandao inajibu) kwenye anwani ya ruta yako mwenyewe na kutoa hukumu, jua kwanza ruta hiyo inajijibu vipi. Nalisema kwa mkazo, maana nimeona ruta nzima zikifutwa mipangilio bure.

Wiki hii kijana ninayefanya naye kazi kanipigia kutoka Arusha. Tunnel0, handaki la GRE (njia ya kufunga pakiti ndani ya pakiti nyingine ili zipite kwenye intaneti) kwenda ghala la Moshi, iko up, upande wa pili 10.255.0.2 unajibu vizuri, lakini anwani ya ruta yake mwenyewe ya Arusha, 10.255.0.1, kimya. "Kaka, ruta gani haijijui? Naiweka upya." Nikamwambia asiguse kitu.

Moshi kuna ruta ya MikroTik. Hiyo, kama Linux yoyote, ukiipigia pingi anwani yake inajibu ndani kwa ndani, chini ya milisekunde moja, hata faiba ikiwa imekatwa. Arusha kuna ruta ya Cisco yenye IOS (programu endeshi yake) ya zamani, na kwenye handaki la GRE yenyewe hulitoa ombi nje kweli. Linafika Moshi, Moshi inaona anwani si yake, inalirudisha. Ndipo Cisco inajibu, na jibu nalo linazunguka vilevile. Kwa hiyo kama 10.255.0.2 inachukua milisekunde 12, kujipigia mwenyewe huchukua kama 24. Dialer1 ya PPPoE, kiolesura cha Cisco kinachoiunganisha na mtoa huduma wa intaneti, nayo inaweza kukufanyia hivyo: ombi linakwenda hadi kwa mtoa huduma, akilizuia unaona nukta tupu, yaani hakuna jibu.

Nikafungua faiawoli ya Moshi, mnyororo wa forward (kanuni za pakiti zinazopita tu kwenda kwingine). Kanuni ya mwisho inadondosha chochote kisichokwenda kwenye mtandao wa ghala. Kijana akipiga pingi 10.255.0.1, kaunta ya kanuni hiyo inapanda: pingi inafia hapo. Pingi ya kwenda 10.255.0.2 haipiti hapo, inaingia kwa input (kanuni za pakiti zinazoilenga ruta yenyewe). Kanuni ni sahihi, tukaiacha.

Sasa malalamiko yenyewe ya wahasibu: mfumo wa stoo unafunguka, ripoti ndefu zinaganda. Hapo pingi ndogo haisaidii. Tukapiga kwenda Moshi kutoka anwani ya LAN (mtandao wa ndani wa Arusha), siyo ya handaki, kwa ukubwa wa baiti tuliouchagua na alama ya kukataza pakiti kukatwa (df-bit):

ping 192.168.20.1 source Vlan1 size 1468 df-bit

Ikapita. Kwa 1469, nukta. PPPoE inakuachia baiti 1492 kwa kila pakiti, GRE inakula 24, zinabaki 1468. Tunnel0 ilikuwa bado inaamini ina 1476, hivyo pakiti kubwa ikishafungwa ndani ya GRE, alama ya kukataza kukatwa ikibaki ndani, ilikatwa vipande pale Dialer1, na vipande havikuwa vinafika Moshi.

Kwenye Tunnel0 tukaandika ip mtu 1468 (ukubwa wa juu wa pakiti) na ip tcp adjust-mss 1428 (data ya TCP ndani yake, baada ya kutoa baiti 40 za vichwa). Ripoti ya mwezi ikafunguka mpaka ukurasa wa mwisho, huku 10.255.0.1 ikiwa bado kimya.