Duka la shangazi halikuungua

Shangazi yangu alipoteza duka kwa sababu ya moto, na moto wenyewe haukumfikia. Nikisema hivo watu wananiangalia tu, kwa hivo wacha nieleze.

Hii ni Busia, upande wa Uganda, mwishoni mwa 2013. Wakati ule nlikuwa natengeneza simu kwenye meza ndogo mbele ya duka lake, yeye anauza unga, sabuni ya mche, mafuta ya kupikia na mukene mkavu, yaani dagaa wa ziwani. Maduka yote pale yalikuwa ya mbao na mabati, yameshikana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, ukipiga msumari kwako jirani anauliza unagonga nini. Nyuma kuna kijia cha kupita mtu na baiskeli basi. Na kila mtu alijua, ila hakuna aliyesema kwa sauti, kwamba ndani ya baadhi ya yale maduka kulikuwa na petroli. Ya ng'ambo, Kenya, inavuka usiku kwa jerikeni halafu mchana inauzwa kwa chupa za soda. Magendo. Watu wengi Busia wamesomesha watoto kwa hiyo kazi, mimi simhukumu mtu.

Moto ulianzia kwenye banda la chipsi, saa tatu usiku hivi. Mafuta yalishika moto kwenye karai, kijana akafanya kile wengi wetu tungefanya, akachukua jagi akamwaga maji. Sasa mafuta yanayowaka ukiyamwagia maji, maji yanazama chini yanageuka mvuke hapo hapo na mvuke unayarusha mafuta juu pamoja na moto wake. Yakaruka mpaka kwenye dari, na dari yenyewe ilikuwa magunia ya nailoni yameshonwa pamoja. Kufumba na kufumbua banda lote linawaka, na upepo ulikuwa unapiga kuelekea kwetu.

Watu walitoka na mabeseni, ndoo, sufuria, mama mmoja nlimuona na birika la chai. Mtu alipiga 999. Zimamoto Uganda ni kazi ya polisi, na gari lilikuwa linatoka mbali, tukaambiwa linakuja, sawa, lakini moto hausubiri mtu kufika. Vijana wa boda wakaanza kubeba jerikeni za maji kutoka bombani, pikipiki moja jerikeni nne, wanamwaga wanarudi, na yote ilikuwa inamwagwa kwenye lile banda la chipsi ambalo kusema kweli lilikuwa limeshaisha.

Hapo ndio Afande akatokea. Huyu alikuwa fundi baiskeli, mzee, zamani alikuwa jeshini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini kisichojua tafadhali. Kuna wazee Uganda hii mpaka leo wakisikia Kiswahili cha namna ile tumbo linawacheza, wanakumbuka mambo ya rodibloku za zamani. Usiku ule kilitusaidia. Mji wetu una Wasamia, Wateso, Waganda, Wasomali, kila mtu anapiga kelele kwa lugha yake na hakuna anayesikia, halafu inakuja filimbi moja ndefu na sauti: "Wacha maji! Hiyo imekufa! Wote nyuma yangu!" Wakaacha. Hata mimi niliacha.

Hakukimbia. Alitembea na tochi kando ya safu ya maduka akiangalia juu, mabati, halafu cheche zinaangukia wapi, akapita duka la kwanza, la pili, la tatu, akafika kwa shangazi akapiga mlango kwa kiganja. "Hapa. Vunja hapa."

Shangazi alikuwa amesimama pale pale mlangoni. "Afande, duka langu haliungui."

"Najua mama. Ndio maana."

Alimweleza haraka haraka, na nlielewa mara ya kwanza maisha yangu kwamba moto wa maduka kama yetu hauzimwi kwa ndoo, unanyimwa chakula. Ukianza kuvunja karibu sana unakukuta kazini. Ukivunja mbali sana umetoa sadaka maduka mengi bure. Kwa hesabu yake vijana wangemaliza kwa shangazi kabla moto haujafika, na nyuma ya shangazi kulikuwa na maduka mengine zaidi ya ishirini, stoo za mahindi, na nyumba za watu wamelala.

Shangazi alinyamaza kidogo. Halafu akaingiza mkono kifuani akatoa leso, akafungua fundo kwa meno, ndani kulikuwa na funguo na noti zilizokunjwa. Kufuli lilikuwa jipya, alilinunua wiki hiyo hiyo, na alilifungua taratibu, akaliweka mfukoni kwenye gomesi yake, akasema "Mukene kwanza, hautaki maji huo." Watu wakaingia. Tulitoa magunia ya unga, madebe ya mafuta, mizani, kalenda ya ukutani hata, sijui nani alibeba kalenda. Halafu wakaja vijana na mapanga na nyundo, wakang'oa mabati, wakafunga kamba ya ng'ombe kwenye nguzo za mbele na mwisho mwingine kwenye pikapu ya muuza matofali. Pikapu ikavuta. Nguzo ya kwanza ilitoka kama jino. Ya pili ilikataa, ikakatwa kwa shoka.

Katikati ya hiyo kazi Afande akauliza swali ambalo lilifanya watu wanyamaze: petroli iko kwa nani? Hakuna aliyejibu. Mnakumbuka mwaka ule, Juni, lori la mafuta lilipogongana na gari Namungoona pale Kampala, watu wakaenda kuchota petroli, likalipuka, wengi waliokufa walikuwa vijana wa boda. Hata kwetu vijana wa boda ndio walikuwa mstari wa mbele usiku ule, na wote walikuwa wameziona zile picha. Kwa hivo nlimuona mmoja anarudi nyuma, halafu wawili. Na mwenye petroli yuko hapo hapo, tunamjua, anaangalia chini maana akisema tu amejitaja mbele ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, na mbele ya kila mtu.

Afande akamsogelea. "Hatuulizi imetoka wapi. Tunauliza iko wapi."

"Chini ya kitanda," akasema.

Duka lake lilikuwa la pili kutoka kwa shangazi, upande wa moto. Jerikeni tano za lita ishirini. Afande alikataza simu, akakataza mtu kuburuta, zibebwe juu juu, na kila moja ifunikwe blanketi iliyoloweshwa, kwa sababu kinachowaka kwanza kwenye petroli ni ule mvuke wake na unaweza kutembea chini chini ukakutana na moto mahali wewe huuoni. Zilipelekwa uwanjani upande wa pili wa barabara, wamama wakazimwagia mchanga kuzunguka. Kama zingekaa mle ndani dakika chache zaidi sijui ningekuwa naandika nini leo, kwa sababu lile duka lilishika muda mfupi tu baadaye.

Moto ulifika kwenye lile pengo ukasimama. Ulikuwa mkali, rangi kwenye mabati ya duka la ng'ambo ya pengo ilitoka malengelenge, na hapo ndio maji yakawa na kazi, kulowesha ukuta ule usishike. Gari la zimamoto lilipokuja halikuweza kuingia kijia cha nyuma, vijana wakang'oa vibaraza viwili likapita nusu, mpira ukavutwa kwa mikono, na hao jamaa walifanya kazi mpaka karibu alfajiri kuhakikisha chini ya majivu hakuna kitu. Mmoja wao aliangalia pengo akauliza nani aliamua kuvunja hapa. Tukamwonyesha. Akampigia Afande saluti, na mzee akajibu, mguu ukagonga chini kabisa.

Siku hizi nasoma habari za nchi kama Chile, wazima moto wao ni wa kujitolea, kikosi cha kwanza kilianza Valparaíso 1851, au vijiji vya Ujerumani ambako fundi bomba anaacha kazi kengele ikilia anaenda kuvaa kofia. Wana magari, mipira, mazoezi. Sisi tulikuwa na filimbi na kamba ya ng'ombe. Lakini ile ya kumwambia mtu unayenunua unga kwake kwamba duka lake zima linavunjwa sasa hivi, sidhani kofia inasaidia sana.

Sasa fujo ilianza wiki iliyofuata. Kamiti ilikaa kwa LC kuandika walioungua ili wachangiwe, na jina la shangazi halikuwepo. Katibu akasema hii orodha ni ya walioungua na huyu mama hakuungua, mali yake ilitoka yote. Nyie! Nlitaka kusimama. Shangazi akanikalisha kwa mkono, akauliza yeye mwenyewe: "Na duka lenyewe nlilitoa kwa kichwa?" Watu wakacheka, lakini jina halikuandikwa. Afande alikuwa nyuma kwenye kona, hakusema kitu mkutano mzima, na hilo lilinikera muda mrefu.

Kumbe baada ya mkutano alianza kupita mlango kwa mlango, wale wa nyuma ya pengo tu, anasimama anasema, "Duka lako lipo?" Mtu anasema lipo. "Basi bati moja." Wengi walitoa. Mwenye petroli alitoa mabati manne na hakutaka itajwe. Mwenye stoo kubwa ya mahindi, aliyeokoka na magunia yote, alisema ataangalia, na mpaka nlipohama Busia alikuwa bado anaangalia.

Shangazi alijenga tena, lakini hatua kadhaa nyuma, akakubaliana na kamiti kwamba lile pengo libaki wazi, gari lipite. Haukupita mwaka akaja kijana wa rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, na kibanda chake, akakiweka katikati ya pengo, jiko la mkaa na mwamvuli. Shangazi alitoka na unga mikononi.

"Mwanangu, hapa ni duka langu."

"Mama, mbona hakuna duka?"

"Ndio hilo unaloliona. Toa jiko."

Alilitoa.