Tochi ya simu ndo iliniokoa kwenye PhD

Mwaka wa 3 wa PhD nlikua najiona nishamaliza. Mada yangu ilikua kuifundisha kompyuta itambue nakshi za milango ya Mji Mkongwe Zanzibar, yani unaipa picha inakwambia hili yungiyungi, hii minyororo, huyu samaki, na modeli ilikua inapatia asilimia 90 na kitu. Nishaanza hadi kuhesabu watu wa kuwaalika mahafali.

Siku moja supavaiza akaniuliza, "Hizi picha za mtihani umezitoaje?" Nikamwambia nimechanganya zote nikachomoa moja ya tano nikaweka pembeni za kuipima modeli. Akanyamaza. Na mimi nikashtuka hapohapo, maana mlango mmoja nlikua naupiga picha 40 mpaka 50, sasa ukichanganya hovyo mlango uleule unakua darasani na kwenye mtihani pia, ni kama mwalimu kavujisha maswali. Nikagawa upya, kwa mlango sio kwa picha. Ikaporomoka mpaka 50 na kitu. Wiki nzima sikuigusa laptopu.

Nilivyochunguza nikaona modeli haikujifunza nakshi kabisa, imekariri rangi ya mbao na kivuli cha saa nlizokua napiga picha. Mlango uliopakwa mafuta meusi inasema yungiyungi, basi tu kwa sababu mayungiyungi yangu mengi yalikua kwenye milango myeusi 😅

Nikarudi Unguja, nikaenda kwa fundi mmoja mchonga milango, mtu mzima. Shikamoo, marahaba mwanangu, nikamuonyesha picha zangu, akacheka. "Nakshi haitazamwi usoni, inatazamwa ubavuni." Akachukua simu yangu akawasha tochi, akailaza karibu na mbao kiasi mwanga upite juu juu tu, na lile ua lililokua bapa kama sahani likainuka, ukaona kila mfereji wa patasi. Kisha akazima akapitisha kidole gumba, macho kafumba, anataja maua moja moja.

Sasa hapo ndo kichwa kikafunguka. Picha ya kawaida haina kina, mi nnachohitaji ni umbo. Nikaanza kujenga milango kwa 3D kutokana na picha nyingi, nikatumia COLMAP, programu inayounganisha picha kuwa umbo, maana ni ya bure. Tabu ikawa mbili. Kwanza mnyororo wa nakshi unajirudia, na ile njia ya mtafiti David Lowe ya 2004 ya kulinganisha pointi za picha moja na nyingine, ambayo programu inaitumia, inatupa pointi yoyote ambayo ina pacha anayefanana nayo, kwa hiyo eneo zuri kuliko yote ndo linabaki tupu. Nikawa nabandika vikaratasi vyenye alama kwenye ukuta pembeni ya mlango ili programu ipate pa kushika (omba ruhusa kwanza, mama mmoja alidhani mi dalali nimekuja kupima nyumba). Pili misumari ya shaba, ule mng'ao unahama kila ukisogeza kamera, programu inachanganyikiwa inatoa mashimo. Nikaja alfajiri kabla jua halijaingia uchochoroni, na misumari nikaifuta kwenye picha.

Nikishapata umbo, naliingiza Blender, programu ya kuchora 3D, natoa rangi yote, linabaki jeupe kama chokaa, halafu namulika kwa taa iliyolazwa karibu na umbo kutoka kulia, kushoto, juu, kila upande. Ile tochi ya mzee kabisa. Hesabu za kumulika sio ngeni, mtaalamu wa michoro ya kompyuta Bui Tuong Phong alishaandika kuhusu hayo kwenye tasnifu yake pale Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 1973. Mlango mmoja ukanipa mamia ya picha, na hakuna rangi ya kukariri.

Modeli ikapanda mpaka 80 na kidogo kwa milango ambayo haijawahi kuiona. Ni chini ya ile 90 ya uongo, ila hii naweza kusimama nayo mbele ya wasahihishaji, na nilisimama.

Kuna mlango mmoja bado inaukosea kila mara, umepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka mpaka mifereji imejaa. Nikampeleka fundi akautazame. Akapitisha kidole kwenye mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, akarudia, akawasha tochi, akazima. "Hata mie hapa nabahatisha."