Nilivyoandika wasifu wa eneo bunge la Lamu Mashariki

Kikundi cha vijana kiliniomba nikiandikie wasifu wa eneo bunge lao, pwani ya Kenya, wapate cha kushika siku ya kutoa maoni mbele ya tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC), itakapopitia upya mipaka ya maeneo bunge. Nilianza na sensa ya 2019, na tarakimu ya kwanza tu iliwatia hofu: Lamu Mashariki ina watu 22,258. Ukigawanya Wakenya 47,564,296 kwa maeneo bunge 290, wastani ni kama 164,000. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu sehemu zenye watu wachache zipungue chini ya wastani kwa asilimia 40, kwa hivyo kiwango cha chini kabisa kwa eneo bunge la namna hiyo ni kama 98,000. Kaunti nzima ya Lamu, yenye watu 143,920, haifikii hata wastani wa eneo bunge moja! Mwaka 2012 viti vya namna hii vilisalimika kwa sababu Jedwali la Sita la Katiba lilikataza mapitio ya kwanza ya mipaka kufuta eneo bunge lililokuwepo. Kinga hiyo ilikuwa ya mapitio hayo tu.

Kwa hivyo sikupoteza muda kubishana na idadi. Kifungu hichohicho kinataka pia jiografia, historia na njia za mawasiliano zizingatiwe, na hapo ndipo wasifu ulipopata uti wa mgongo.

Nilichukua juzuu ya pili ya sensa, yenye idadi ya watu hadi ngazi ya kata ndogo, nikaiweka kando ya orodha ya vituo vya kupigia kura na fomu 35A, zile za matokeo ya ubunge kwa kila kituo. Wadi ni tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa tarehe 24 Agosti, ilhali daftari la wapigakura humweka pale alipojiandikisha. Kwa jamii ya wavuvi, tofauti hiyo si ndogo. Mzee mmoja nahodha alinieleza: Agosti ni kusi, upepo wa kusini, bahari ya nje imechafuka, wengi wako nyumbani. Kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiingia, vijana wanaenda dago, yaani kambi za uvuvi mbali na nyumbani, na mji unabaki na wazee, akina mama na watoto. Uchaguzi mkuu nao huangukia Jumanne ya pili ya Agosti. Anayepanga kuandikisha wapigakura miezi ya kaskazi atawakosa haohao vijana.

Basuba ilinichukua muda mrefu kuliko wadi nyingine. Ni nchi ya Waboni, msituni, na tangu 2014 usalama umevuruga maisha kiasi cha shule kufungwa na familia kuhama. Hapo niliandika wazi kwamba namba peke yake haitoshi, nikaomba wazee wenyewe wataje nani yuko wapi.

Kwa siasa niliandika kwa ufupi. Ruweida Obo, aliyekuwa mwakilishi wa kike wa kaunti tangu 2017, alichukua kiti hiki 2022 kwa tiketi ya Jubilee. Lakini kila niliyezungumza naye, kabla ya chama, alinitajia mgombea ni wa mji gani. Ndiyo maana fomu 35A zina thamani kuliko jumla ya eneo bunge zima: zinaonyesha kura za Siyu, za Kizingitini, za Kiunga, kila moja peke yake.

Jedwali ninalolithamini zaidi waliliongeza vijana wenyewe. Kwa kila kijiji wameandika chombo cha kufikia Faza, iwe boti, mashua au pikipiki kisha boti, na kama safari inangoja maji yajae. Mfuko wa NG-CDF, ule wa maendeleo ya maeneo bunge, hugawanywa sawa kwa maeneo bunge yote, na wapo wanaosema Lamu Mashariki, kwa watu wake wachache, inapendelewa. Wasome jedwali hilo kwanza, wahesabu saruji ya darasa moja la Kiunga inavyopakiwa na kupakuliwa.

Ukomo wa miaka 12 wa kufanya mapitio mengine ya mipaka ulipita Machi 2024, tume ikiwa haina makamishna. Sisi tunaendelea kujaza safu za Basuba, ili kikao kitakapoitishwa wasifu uwe umekamilika.