SSD nne za boksi moja: nilivyoitumia kontrola ya RAID kuziwahi kabla hazijafa

Seva ya chama chetu cha akiba na mikopo ilikuwa na SSD nne (diski za kielektroniki zisizo na sehemu zinazozunguka) kwenye RAID 5, yaani mpangilio wa kuunganisha diski kuwa kundi linalostahimili kufa kwa moja, na ya tano imekaa pembeni kama diski ya akiba. Zote zilinunuliwa siku moja, namba zake za utambulisho zinafuatana. Nilipokabidhiwa seva hiyo, kilichonitia wasiwasi zaidi ni hizo namba.

SSD huchakaa kwa kuandikwa. RAID 5 nayo husambaza data na pariti (taarifa za ziada za kurejesha data ya diski iliyokufa) sawasawa, kwa hiyo diski zote zinazeeka kwa mwendo mmoja. Ikifa moja, zilizobaki ziko karibu kuifuata, na hapo ndipo kontrola, kifaa kinachosimamia kundi la diski, inapozilazimisha kusomwa mwanzo hadi mwisho ili kujenga upya iliyokufa. Kuna balaa jingine pia: mwaka 2019 kampuni ya seva ya HPE ilitangaza kuwa baadhi ya SSD zake zingekufa zikifikisha saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka mitatu na miezi karibu tisa, zisipowekewa programu mpya ya ndani. Kwa kasoro ya namna hiyo hata diski ya akiba haikuokoi, maana saa zake zinahesabika ingawa haijaandikwa kitu.

Nilianza kwa kupima. Diski zikiwa nyuma ya kontrola, mfumo wa uendeshaji hauzioni mojamoja, hivyo nilitumia programu ya kusoma afya ya diski, smartctl -a -d megaraid,4 /dev/sda, nikibadilisha namba kwa kila diski. Kipimo cha uchakavu huanzia 100 na kushuka. Tatu zilikuwa kwenye thelathini na kitu, moja ilikuwa 19.

Kontrola yetu ni ya MegaRAID, na ina kipengele kiitwacho SSD Guard. Nilikiwasha hivi: storcli /c0 set copyback=on type=smartssd. Kuanzia hapo, SMART, mfumo wa diski kujipima afya yake, ikitoa onyo kwamba SSD inaelekea kufa, kontrola inainakili kwenye diski ya akiba ingali hai. Uzuri wake ni kwamba inasomwa diski moja tu, nyingine zinaendelea na kazi, na kundi halikai hata dakika bila kinga.

Onyo lilikuja, na kama nilivyotarajia, ni ile iliyokuwa kwenye 19. Nilikaa naangalia asilimia zikipanda huku makarani wakiendelea kupokea marejesho, hakuna aliyejua kitu. Ilipofika mia, diski ya zamani ikatolewa kwenye kundi yenyewe.

Zile tatu nilizibadilisha mojamoja, nikipisha miezi kati yake, kila moja kutoka duka tofauti. Mhasibu alilalamika kwamba tunapoteza punguzo la kununua kwa jumla. Nikamwonyesha zile namba zinazofuatana. Akasaini, ingawa kwa kununa.

Kashe ya kuandika, yaani kumbukumbu ya muda ya kontrola, nimeiacha imewashwa, kwa kuwa inakusanya maandishi madogomadogo kabla ya kuyashusha kwenye diski, na ina kapasita ya kuilinda umeme ukikatika. Bila kapasita au betri nisingethubutu. TRIM, amri inayoiambia SSD ni sehemu zipi hazitumiki tena, haipiti kwenye kontrola yetu, kwa hiyo kila diski mpya naiachia sehemu bila kuigawa, kama asilimia kumi, ipate pa kupumulia.